Nyama ya Arobaini ya Dada

Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu ya paka. Paka mwenyewe alikuwa ameshakufa, yuko juu ya dari ya darasa letu, na hakuna aliyejua ila mimi, na mimi nilijua kwa pua tu. Nikanyoosha kidole nikasema, mwalimu, humu ndani kuna kitu kimekufa. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa jasho jingi, akadhani namsema yeye. Akaniuliza, "Unamaanisha mimi?" Nikamjibu, "Hapana, mwalimu, wewe hujafa bado." Hilo "bado" ndilo lililoniponza. Viboko sita mbele ya wenzangu, na kesho yake nije na mzazi.

Baba yangu alikuwa mchukuzi Kariakoo. Mtu anabeba magunia tangu adhana ya Alfajiri, hana nafasi ya kwenda kusikiliza kesi ya harufu. Akaniambia, kama shule haikutaki, gunia linakutaka. Siku ya nne dari ikaanza kudondosha funza kwenye madaftari ya wasichana wa mbele. Wakapandisha mtu kwa ngazi, akashuka na paka kwenye koleo. Mimi niliyasikia hayo nikiwa sokoni, na hakuna mtu aliyetumwa kuja kuniambia pole. Kilichonikera hasa siyo viboko. Ni kwamba darasa zima lilikuwa na pua. Watoto hamsini, kila mmoja na pua yake, na wote walinusa, nina hakika walinusa. Walinyamaza kwa sababu mwalimu alinyamaza.

Basi nikawa mtu wa Kariakoo. Kwenye magunia nilidumu mpaka mgongo ukakataa, nikahamia buchani, Mtaa wa Msimbazi, kwa mzee mmoja wa Kimanyema ambaye hakuwa akicheka na mtu kabla ya saa nne asubuhi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia na kufukuza nzi. Ya pili kupasua mifupa. Nilikaa pale miaka tisa, na kila ninachojua juu ya nyama nilikipata pale, siyo pengine. Yule mzee alikuwa na tabia moja, nyama ikiletwa kutoka machinjioni ikiwa bado ina joto la ng'ombe, alikuwa haruhusu mtu kuilundika. Ilikuwa lazima itundikwe, kila paja na ndoano yake, lisigusane na jenzake, mlango wa nyuma wazi upepo upite. Wateja wapya walikuwa wanalalamika, mbona huifuniki? Anawajibu, "Huyu ametoka kukimbia. Mwache aheme."

Nilikuwa nadhani ni maneno ya mzee tu. Baadaye nikaja kuelewa. Ng'ombe akichinjwa joto lake haliondoki naye. Linabaki kwenye paja, ndani kabisa, pale nyama inaposhikana na mfupa, na linakaa saa nyingi. Ukilitundika penye upepo linatoka taratibu. Ukililundika juu ya jingine, ukalifunga nailoni kwa kuogopa nzi, umelifungia na joto lake. Litaoza kuanzia mfupani, huku nje bado jekundu linapendeza kama lilivyotoka. Kwa hiyo nyama kubwa usiitazame usoni, uso wake utakudanganya. Chukua kisu chembamba, kichomeke mpaka kiguse mfupa, kichomoe, ukinuse hapohapo kabla hakijapata hewa. Kisu hakijui kuficha.

Na pale buchani alikuwa akipita bwana afya, kijana mwenye suruali ya kaki na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Akikuta nyama imeharibika haandiki, hagombani. Anaimwagia mafuta ya taa. Basi. Nyama iliyomwagiwa mafuta ya taa hakuna anayeweza kuiosha, hakuna wa kuipika. Siku moja nilimuuliza kwa nini asituachie tuitupe wenyewe. Akacheka sana. "Mzee," akasema, na mimi wakati huo sikuwa mzee, "nikigeuka tu mnaitia ndimu."

Mzee wa bucha alipofariki, watoto wake wakaigeuza bucha duka la simu, nami nikaingia kwenye upishi wa shughuli. Harusi, maulidi, misiba, khitma. Sufuria zangu mwenyewe, mwiko wangu wa mvule mrefu kama kasia. Ilala yote na Kariakoo walinijua. Sijui kusoma vizuri, kuandika ndiyo huku mnakokuona, lakini mchele wa debe ngapi kwa watu wangapi sihitaji karatasi.

Sasa nije kwa dada yangu.

Dada yangu alinizidi miaka minane, na mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyekuwa mama. Nyumba yake ilikuwa Ilala, ya vyumba sita na uwa mpana, na kila siku baada ya Alasiri nilikuwa nakwenda kunywa kahawa kibarazani kwake. Kila siku. Mvua inyeshe, kahawa ipo. Alipofariki nilikosa pa kwenda saa kumi jioni, nikawa nazunguka tu mtaani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kwa hiyo ilipokuja khitma ya arobaini yake niliwaambia wanawe, asiitwe mpishi. Nitapika mimi. Ni dada yangu.

Mtoto wake mkubwa, mpwa wangu huyo, ana duka la soda na maji ya chupa kule Kariakoo. Akasema nyama ni juu yake, ng'ombe mzima. Nikafurahi. Nikamwambia tu, hakikisha inachinjwa Jumamosi jioni au Jumapili alfajiri, maana shughuli ni Jumapili adhuhuri. Akasema, "Usijali, mjomba, nimejipanga."

Jumapili, kabla jua halijatoka, niko uwani Ilala. Mafiga yamepangwa, kuni zimewaka, vitunguu vimekatwa. Nilikuwa na msaidizi wangu, mama mmoja muuza chapati wa mtaa wa pili ambaye tumepika naye miaka mingi, na mdogo wangu wa kike, ndiye aliyebaki katika tumbo letu. Mara kirikuu cha mizigo kikaingia kwa kurudi nyuma, mpwa wangu akashuka na kanzu yake nyeupe, amejipulizia manukato.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Imechinjwa lini?"

"Ijumaa."

Nikadhani sikumsikia vizuri. "Jumamosi?"

"Ijumaa, mjomba. Nimetaka ichinjwe Ijumaa yenyewe, siku tukufu, ili mama apate thawabu zake kamili."

"Na leo siku gani?"

"Jumapili."

"Ikawa imelala wapi?"

Akatabasamu, maskini, alikuwa anangoja swali hilo. "Kwenye friza zangu za dukani! Nimetoa soda zote, maji yote, nikazijaza pomoni. Ilikuwa bado inafuka moshi, mjomba, freshi kabisa. Nikaifunga nailoni, juu viroba. Nzi hata mmoja hajaionja."

Mama wa chapati aliweka kisu chake cha vitunguu chini.

Nikamuuliza habari ya umeme. Akasema jana ulikatika kidogo. Kidogo namna gani? "Toka asubuhi mpaka Magharibi, lakini hatukufungua mfuniko, mjomba. Baridi ilibaki mlemle."

Wewe unayesoma, nieleze. Friza ya soda. Imeundwa kupoza chupa. Unaitia ng'ombe mzima mwenye joto lake, amelundikwa na kufungwa asiweze hata kuhema, halafu umeme unakatika mchana kutwa kwenye joto la Kariakoo. Baridi gani iliyobaki? Iliyobaki ni homa. Angenipigia simu moja. Simu moja! Ningemwambia atundike, akate vipande vidogo, atandaze kidogokidogo kwenye friza ya nyama ya mtu wa bucha, visigandamane, baridi ipite katikati. Au kama hana pa kuiweka, alete nyumbani siku ileile tuichemshe kwa chumvi na kuikausha kwa moto. Bibi zetu hawakuwa na friza na hawakula mizoga. Lakini alitaka awe mkubwa peke yake.

Tukashusha viroba. Viwili vilivyokuwa vimegusa ubavu wa friza vilikuwa vigumu kama jiwe. Vingine vyote laini, vinatoa maji mekundu chini. Nikafungua kimoja. Juu, nyama nzuri, ungeipiga picha. Nikaishika, ikateleza. Siyo ule utelezi wa maji. Ni ute, unavutika ukiondoa kidole, kama wa bamia. Nikabonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki pale linanitazama. Nyama nzima ukiibonyeza hurudi. Nikalivuta paja, nikachomeka kisu changu mpaka mfupani.

Sikuhitaji kukileta puani. Kilitoka na habari zake.

Nikachana. Karibu na mfupa mafuta yalikuwa yamegeuka kijani, nyama imefifia rangi kama kitambaa cha kudekia. Nikachukua paja la kiroba cha pili, kisha cha tatu, hivyohivyo.

"Nusa," nikamwambia mpwa wangu.

Akanusa kwa mbali, kama mtu anayelazimishwa kubusu mkono wa asiyempenda. "Mjomba, nyama ya friza si ndiyo harufu yake? Inakuwaga na kaharufu fulani hivi."

"Kaharufu!" Mama wa chapati akadakia. "Baba, hii hata mbwa wa machinjioni angeomba udhuru."

"Na wewe, mama, nani amekuuliza?"

"Pua yangu imeniuliza."

Hapo mdogo wangu wa kike akanivuta pembeni, nyuma ya pipa la maji. Nilidhani ananiunga mkono, maana nilimwona alipopita na ushungi umeziba pua. Akanong'ona, "Kaka, usipige kelele, watu wako barazani. Ndimu zipo ndoo nzima. Tangawizi ipo, thomu ipo. Ioshe, ichemshe, maji ya kwanza mwaga. Si ndivyo wanavyofanya watu wote?"

Nikamtazama mdogo wangu. Anajua. Amenusa, anajua, na bado.

Acha niseme jambo ambalo nimelificha miaka mingi, maana bila hilo utadhani mimi nilikuwa na kiburi cha ufundi tu. Zamani, nilipokuwa mpishi mchanga, nilipika harusi moja palepale Ilala. Nyama ililetwa usiku, imefungwa, asubuhi nikachomeka kisu kikanipa jibu. Na mimi nikanyamaza. Mwenye shughuli alikuwa mtu mzito, nami nilitaka jina. Nikaitia ndimu, siki, tangawizi ya kutosha kuchoma koo, nikachemsha nikamwaga, nikachemsha tena. Pilau likanukia mpaka barabarani. Watu wakasifu. Magharibi yake wakaanza kuharisha, mtaa mzima foleni chooni. Ndimu inaua harufu, haiui kilichoifanya nyama inuke. Na kuna sumu ambayo nyama ikishaiweka, hata uchemshe mpaka kesho haitoki. Wengi walipona. Bibi yake bi harusi, kikongwe aliyekuja jikoni kunishukuru kwa mkono wake, alikufa siku ya nne. Wakasema umri. Nilikwenda kuzika, nikatia udongo kaburini, nikasema na mimi, umri.

Kwa hiyo mdogo wangu aliposema "si ndivyo wanavyofanya watu wote", damu ilinipanda kichwani. Ndiyo, ndivyo tunavyofanya!

Na waliokuwa wanakuja kula ni kina nani? Watoto wa madrasa, sitini na kitu, ndio huanza kuhudumiwa. Halafu mabibi wa mtaani, shoga zake dada yangu, wenye sukari na presha, ambao wakiharisha siku moja hawainuki. Nikawaona wote mle kwenye kiroba.

Nikarudi kwa mpwa wangu. Nikajitahidi kushusha sauti, Mungu ni shahidi. "Mwanangu, nyama hii imekufa mara mbili. Hatupiki. Tuma mtu alete maharage, tutapika wali na maharage, tutasema dua, mama yako atapata thawabu zake."

"Maharage? Arobaini ya mama yangu, watu wale maharage? Mjomba, watu wote wa soko nimewaalika!"

"Basi watakula maharage, hao wa soko wote."

"Unataka kuniaibisha."

"Nataka wafike kesho."

Akacheka, kile kicheko cha kejeli, cha vijana wa mjini. "Mjomba, usituzingue. Umezeeka, pua imekwisha, ndiyo maana unasikia harufu za ajabu ajabu. Mimi nina friza, nimejaza friza, wewe unatupikia kwa kuni. Nani anajua baridi hapa?"

"Wewe unajua baridi ya soda."

Mama wa chapati akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichoharibu. Kijana akamwita mwenzake aliyekuja naye. "Mpigie simu yule mpishi mwingine. Aje haraka. Mwambie nyama ipo tayari." Kisha akanigeukia. "Hivyo viwili vilivyoganda ni vizima, sivyo? Vichanganye na vingine. Ladha itajifuta."

Ladha itajifuta. Sijasikia neno baya kuliko hilo maisha yangu yote. Siyo kwamba hakujua tena. Alishakubali moyoni kwamba imeoza, alichotaka ni isionekane.

Dumu la mafuta ya taa la kuwashia kuni lilikuwa karibu na mguu wangu. Nilikwishalifungua kabla sijajua nimelifungua. Nikaanza na kiroba cha katikati, nikamwaga, nikaenda cha pili, cha tatu, natikisa yaingie mpaka chini. Nikamwaga na kwenye vile viwili vilivyoganda. Labda vile vilikuwa vizima. Nimefikiri sana juu ya vile viwili. Lakini damu ya vibaya ilikuwa imevichuruzikia safari nzima, na ningeviacha vingekuwa kisingizio cha kuokoa na vingine. Na nikuambie ukweli, nilikuwa na hasira pia. Nilitaka dumu liishe.

Uwa mzima ukanuka mafuta ya taa. Mdogo wangu akapiga yowe kana kwamba kafa mtu. Watu wakaja mbio kutoka barazani. Mpwa wangu akasimama na kanzu yake, mdomo wazi, halafu sauti ikamtoka, "Amemwagia mafuta ya taa sadaka ya mama yangu! Mwoneni! Amemwagia mafuta ya taa sadaka ya marehemu!"

"Nuseni," nikawaambia. Nikawanyooshea lile paja nililochana. "Njooni mnuse mfupa." Hakuna aliyesogea. Kila mtu na pua yake, na hakuna aliyesogea. Sasa harufu ilikuwa ni ya mafuta ya taa tu, basi mwenye kosa akawa mimi.

Mdogo wangu akasema mbele ya wote, "Kaka, hukumpenda dada." Huyo aliyeziba pua na ushungi.

"Toka," mpwa wangu akasema. "Hii nyumba ya mama yangu. Toka."

Mama wa chapati alitaka kujibu, nikamkataza kwa mkono. Nikamwomba ashughulikie wali, maana watoto hawakuwa na kosa, na watu hawawezi kurudishwa na njaa. Alipika yeye. Nimeambiwa maharage yalipatikana, yakatiwa nazi, watu wakala wakashiba, na kila mmoja akarudi kwake na tumbo lake salama, wakanisema mtaa mzima wakiwa na afya njema.

Nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Nikafuta kisu changu nikakitia kwenye mfuko wa kanzu. Sufuria sikuzichukua, mwiko nikauacha umeegemea ukuta. Nikapita ukumbini, chumba cha dada mlango uko wazi, udi unafuka, mkeka umetandikwa kwa wasomaji. Nikavaa ndala zangu kizingitini. Nje turubai lilikuwa linafungwa, viti vinapangwa, mzee mmoja amewahi amekaa mbele kabisa. "Vipi, fundi," akaniuliza, "pilau linaiva saa ngapi?"

Nikashika njia ya Msimbazi, na nyumba ile sijaikanyaga tena.